Mmiliki wa Folda ya Ufukweni

Jumatatu asubuhi, Kokuberwa akiwa bado anakunywa chai ya maziwa kwenye kikombe cha plastiki, kanzidata ya viwanja ilianza kukataa kuandikwa. Kusomwa ilikubali. Mtu aliweza kutafuta kiwanja chochote cha ufukweni akaona namba yake, ramani yake na jina la mwenyewe. Ila akijaribu kubadilisha hata herufi moja, kompyuta ilimjibu: ruhusa imekataliwa.

Kampuni hiyo ya upimaji ilikuwa na ofisi Nyamagana, juu ya duka la nyavu, na Kokuberwa ndiye aliyetunza seva. Alianzia palipo rahisi. Diski haikuwa imejaa. Ruhusa za kupitia mtandao zilikuwa sawa, kompyuta zote ziliifikia folda. Kilichofungwa kilikuwa folda yenyewe, ndani ya seva. Akaangalia mmiliki wake ni nani. Pale ambapo siku zote palikuwa na akaunti ya programu, paliandikwa Wilhelmina Ndalahwa.

Ofisini hapakuwa na mfanyakazi wa jina hilo. Kokuberwa aliingia kama msimamizi mkuu, akaurudisha umiliki kwenye akaunti ya programu. Seva ikakubali, ikanguruma kidogo, halafu ikamrudishia Wilhelmina. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Akaenda kwa meneja, Elias Shimba.

"Bosi, Wilhelmina Ndalahwa ni nani?"

"Yule bibi wa kiwanja cha upande wa Nyegezi," Shimba alisema, macho yakiwa kwenye simu. "Tulimbomolea mwaka jana kupisha hoteli. Alishafariki."

"Ndiye mmiliki wa folda."

"Basi mtoe. Ijumaa wenye hoteli wanakuja, nataka wakute kiwanja kinasoma jina lao."

Mchana Wilhelmina alikuja mwenyewe. Mlinzi alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapanda ngazi polepole huku akijipangusa vumbi la matofali lililomganda kwenye nywele. Alikwenda moja kwa moja chumba cha seva, akaketi juu ya boksi la nyaya. Kokuberwa alipoona anatetemeka, alizima kiyoyozi.

"Bibi, ni wewe uliyefunga?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Kazi zimesimama. Kuna watu wanasubiri hati zao, na hawana kosa lolote."

Bibi akafikiri. "Hao nisomee. Mmoja mmoja."

Kazi ikaendelea hivyo. Kokuberwa alitaja jina kwa sauti kabla ya kubonyeza. Aliyenunua kihalali, aliyerithi kwa baba yake, aliyegawana na mwenzake kwa mapatano, wote hao bibi aliwaambia ruksa, na seva ikaandika. Wengine aliwakataa.

"Huyo hapana. Hicho ni cha Teodora, mke wa marehemu Ngosha. Walimpeleka kwa gari akatie dole gumba, hajui kusoma."

Kokuberwa akabonyeza kujaribu. Ruhusa imekataliwa.

Kufikia Jumatano ilikuwa wazi. Viwanja vya milimani, kwenye mawe, karibu vyote vilipita. Vya ufukweni, vyenye upepo wa ziwa na sehemu ya kuegesha boti, karibu vyote viligoma. Kokuberwa aliyajua majina ya wamiliki waliokuwa wakiondolewa. Kila yalipobadilika aliambiwa ni marekebisho ya kawaida. Hasira ilimpanda hadi akawa anakosea herufi.

Alhamisi Shimba aliingia chumba cha seva. Jambo la kwanza alilolalamikia ni kwamba wageni hawaruhusiwi mle. Kisha akakunja mikono kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Tunaomba ruhusa tubadilishe jina kwenye kile kiwanja. Ni jambo dogo tu."

"Siku ya tingatinga uliomba?"

"Siku ile haikuhitajika."

"Nilikuwa ndani," alisema Wilhelmina. "Nilikuwa nachambua dagaa. Nilisema subirini nitoke."

Shimba akaangalia viatu vyake. "Ripoti ilisema ukuta ulikuwa mbovu."

"Ripoti!" Kokuberwa alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Akiwa hai hamkumwomba hata nafasi ya kutoka mlangoni. Leo amekufa ndiyo mnamwamkia! Mmemuua, halafu mnataka awasainie!"

"Punguza sauti, Koku. Kuna wateja hapo nje."

Ijumaa asubuhi akaja fundi kutoka Dar, amebeba seva mpya. Alimsalimia bibi, akamwomba asogeze miguu kidogo, akaunganisha waya. Kokuberwa aliambiwa amsaidie. Alikataa, akasimama mlangoni mikono kifuani. Fundi hakumhitaji. Kunakili ni kusoma tu, na kusoma bibi hakuwahi kukataza. Kanzidata nzima ikahamia upande wa pili. Huko fundi akampa kila mtu ruhusa ya kila kitu, ili wasisumbuke tena.

Wilhelmina aliinyooshea mkono mashine mpya, akaugusa ubavu wake wa bati. "Hii sina njia ya kuingia," alisema.

Jina la hoteli liliandikwa kabla wageni hawajamaliza kupanda ngazi. Shimba alichomoa mwenyewe waya wa umeme wa seva ya zamani, lakini taa zake ziliendelea kuwaka na feni ikaendelea kuzunguka. Akasema si neno, ipelekwe stoo. Bibi akaifuata. Kokuberwa aliambiwa achague kunyamaza au kuondoka. Hakunyamaza na hakuondoka, na hakuna aliyemsikiliza.

Hoteli ilijengwa, ikafunguliwa. Ndipo Kokuberwa alipompata Rebeka, binti wa Wilhelmina, akamleta ofisini wakati wa mapumziko ya mchana. Mama na binti walisalimiana, wakauliziana habari za nyumbani. Kokuberwa alipiga magoti kwenye sakafu ya stoo mbele ya seva ya zamani, akaandika jina la mmiliki mpya wa kiwanja cha upande wa Nyegezi: Rebeka.

"Ruksa," alisema bibi.

Seva ikaandika bila kusita. Wote watatu waliliangalia lile jina, lilivyokaa vizuri pale lilipostahili. Rebeka alipitisha kidole juu yake, akafuta machozi kwa kiganja. Kisha akatazama saa.

"Mama, zamu yangu inaanza saa nane."

"Nenda, mwanangu, usije ukakatwa mshahara."

Rebeka alipanda gari hadi upande wa Nyegezi, akaingia hotelini kwa mlango wa nyuma, akavaa aproni ya kijani, akaanza kutandika vitanda kwenye vyumba vinavyotazama ziwa.