Picha Isiyofunguliwa

Madereva walimpachika jina la Mnara, naye hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kupanga safari za malori ya kampuni moja ya kusafirisha mizigo: lori lipi lipakie wapi, lipite njia gani, na likiharibika nani atumwe kulitengeneza. Malori yalikuwa thelathini na mawili, na kila dereva alijua kwamba akikwama porini, akimpigia Mnara, simu itapokewa kabla mlio wa tatu haujaisha. Wenzake ofisini walizima simu wakienda kula. Yeye hakuzima. Bosi alimsifu mbele za watu kuwa ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kukosekana hewani, na sifa hiyo alitembea nayo kama mtu aliyevaa shati jipya.

Nyumbani aliishi na mkewe, fundi cherehani aliyeshona sare za shule katika chumba cha mbele, na binti yao wa miaka kumi na mmoja. Haitakuwa haki kusema kwamba hakuwa mtu wa nyumbani. Hakuwa mlevi, wala hakuwa na mguu wa nje. Saa kumi na mbili jioni ilimkuta amekaa kwenye kochi lake, sahani mapajani, simu mkononi. Tairi limepasuka. Mizigo imezidi kwenye mizani. Tuliyetumwa kumpelekea hajafungua ghala. Yote hayo yalitaka majibu, naye aliyajibu.

Lakini tuseme kweli: si kila kilichokuwa ndani ya simu ile kilikuwa kazi. Dereva akishajibiwa, kidole kilibaki palepale kwenye kioo, kikateleza hadi kwenye ubishi wa mpira, kikateleza tena hadi kwenye video za mzee mmoja asiyemjua hata kwa dawa, anayefungua injini na kuifunga, na saa nzima ikayeyuka. Mkewe akimsemesha aliitikia "mm." Mkewe aliijua "mm" hiyo kama alivyojua mishono yake. Ilikuwa ya kufungia mlango.

Miezi ya karibuni lilikuwepo jambo moja lililomuudhi. Alikuwa akimwita binti yake, na binti hageuki. Anamwita mara ya pili, kimya. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akamuuliza kwa ukali kama siku hizi akiitwa na baba yake anajifanya hana masikio. Mtoto alimtazama, akamtazama tena, kisha akaenda chumbani kwake. Cherehani ikanyamaza chumba cha mbele. Mkewe alikuja akasimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, akamtazama, akarudi kwenye kazi yake. Mnara akajisemea kwamba mama ndiye anayemdekeza, mtoto ameanza kuota pembe. Simu ikatetemeka, akaishika.

Kisha mama mkwe akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na mkewe akafunga safari ya wiki mbili kwenda kumuuguza. Aliacha maagizo kwenye karatasi jikoni: sare zipi zichukuliwe na nani, na Jumamosi kuna kikao cha wazazi shuleni. Mnara akaenda. Alifika kachelewa kidogo, simu mfukoni mwa shati, akakaa kwenye kiti cha kitoto mbele ya mwalimu wa darasa, mama mrefu ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba.

Mwalimu hakuanza na alama. Alianza na shukrani.

"Ile barua ya daktari mliyotuletea ndiyo iliyotuokoa," alisema. "Sisi tulishamwandika mtoto mzembe, akili haipo darasani. Sasa nimemweka mbele, sikio lililo zima likiwa upande wangu, na umeona mwenyewe alivyopanda. Wazazi wangapi wanafuatilia watoto namna hii?"

Mnara aliitikia kwa kichwa. Alijua anavikwa kilemba cha ukoka, na hakuwa na ujasiri wa kukivua. Mwalimu akauliza kama daktari anaona tumaini lolote kwa sikio la kushoto.

"Tunaendelea kufuatilia," akasema.

Hayo ndiyo maneno aliyowapa wateja kila siku mzigo ulipochelewa na yeye hajui uko wapi.

Alitoka akakaa kwenye benchi la saruji kando ya bomba la maji la wanafunzi. Akatoa simu. Jumbe za madereva zilikuwa kumi na saba; akazipita zote, akafungua mazungumzo yake na mkewe na kuanza kupanda juu, wiki baada ya wiki.

Yote yalikuwemo. Mtoto amelalamika sikio linavuma, nampeleka zahanati. Yeye akajibu kwa picha ya dole gumba. Zahanati wametuandikia hospitali kubwa, utaweza kuja Alhamisi? Akajibu: sawa. Alhamisi hakwenda, hata hakujua kwamba amekubali. Daktari anasema ile homa ya mwezi wa pili imeharibu mshipa wa sikio la kushoto, halisikii karibu chochote, nimelia nimejikaza mbele ya mtoto. Chini ya maneno hayo yeye alikuwa ameandika: *Saruji imeshuka yote au bado?* Ulikuwa ujumbe wa kwenda kwa dereva, umeangukia pasipo pake. Mkewe hakumjibu. Wala yeye hakurudi kusahihisha.

Chini zaidi kulikuwa na picha ambayo haikuwa imefunguliwa, ukungu mtupu wenye kishale katikati. Akaigusa. Ikafunguka polepole. Binti yake alikuwa amekaa katika chumba kidogo chenye kioo, masikioni kavalishwa vifuniko vyeusi vikubwa kuliko uso wake, mkono mmoja umeinuliwa nusu, kama asiye na hakika kama sauti aliyoisikia ipo kweli. Macho yake yalimtazama mpiga picha. Mnara aliangalia tarehe. Siku ile aliikumbuka vizuri: malori mawili yalikuwa yamekwama darajani. Namba za malori yote mawili alikuwa nazo kichwani mpaka leo.

Akampigia mkewe. Alikuwa amejiandaa kupokea maneno makali, na moyoni aliyataka, kwa sababu mtu akigombezwa anajua angalau pa kuanzia. Alimweleza alikotoka na alichoambiwa. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya maji yakimiminwa kwenye beseni.

"Nilikwambia mara nne," mkewe alisema. "Ya tano nikaona nijitunzie pumzi."

"Ungenipigia kelele."

"Nilikuwa nakasirika mwanzoni. Sasa hivi hapana. Nimezoea." Kisha akasema mama anamwita, na kwamba dawa ya matone iko kabati la juu, kama mtoto atalalamika.

Neno lile la kuzoea halikumtoka kichwani. Alitembea kwenda nyumbani kwa miguu, akapita maduka ya vipuri, akapita kinyozi, akapita kibanda cha kuchajia simu ambako watu watano walisimama bega kwa bega, vichwa vimeinama, hakuna anayemsemesha mwenzake. Aliwatazama kama mtu aliyekutana na ndugu zake ugenini.

Binti alikuwa sebuleni akifanya hesabu. Mnara alizunguka meza, akakaa upande wa kulia. Hakujua mtu anaanzaje.

"Mwalimu ameniambia habari za sikio lako," akasema.

"Mama alishakwambia."

"Aliniambia. Mimi sikusikia."

Mtoto aliinua macho aone kama ni utani, maana nyumba ile utani ulikuwa wa mama na mtoto tu. Akaona si utani. Mnara akaendelea, akasema ile siku alipomgombeza alikosa yeye, na kwamba anaomba radhi. Hakuwahi kumwomba radhi mtoto, na maneno yalimtoka kwa tabu, kama msumari kwenye ubao mgumu.

"Haya," mtoto alisema. Akangoja kidogo kwa adabu, aone kama kuna jingine, kisha akarudi kwenye hesabu zake.

Jumatatu asubuhi Mnara aliingia kwa bosi. Alimwambia kwamba kuanzia sasa, ikifika saa kumi na mbili jioni, hapokei tena simu za kazi, na malori yakabidhiwe mwenzake wa zamu. Bosi alicheka, akidhani anatafuta cheo. Alipoona hacheki, akamkumbusha kwamba kampuni inamtegemea na madereva wamemzoea. Mnara akasema anajua. Mabishano yalikuwa mafupi. Zamu ya jioni ikapewa kijana mwenye nguvu mpya, na ndani ya wiki moja madereva walikuwa wanamsifu jinsi anavyopokea simu haraka. Jambo hilo lilimuuma Mnara kuliko alivyotarajia. Kumbe pengo lake lilikuwa la kuzibwa kwa siku sita.

Simu yake aliiweka juu ya kabati akiingia nyumbani. Jioni zikawa ndefu ajabu. Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe, ukakuta mfuko mtupu, ukarudi. Aligundua kwamba saa ya ukutani ina mlio, na kwamba hajui bakuli zinakaa wapi. Binti yake alikuwa na ratiba iliyopangwa bila yeye: hesabu, kuoga, kuongea na mama kwa simu ya mezani kwa jirani, kitabu, kulala. Hakumkimbia baba yake. Alimpisha tu, kama unavyompisha mgeni kwenye korido.

Mkewe alirudi siku mbili kabla ya miadi ya mtoto hospitalini. Mnara akasema safari hii yeye ndiye atakayempeleka mtoto. Mkewe alimtazama, akampa bahasha ya vyeti, akamwambia foleni inaanza saa moja.

Walikuwa wa tisa. Mhudumu aliyevaa koti jeupe alifungua faili jipya, kwa sababu la zamani halikuonekana, akaanza kuuliza. Tatizo lilianza lini? Kuna dawa inayomdhuru? Alishawahi kulazwa? Alikuwa na uzito gani alipozaliwa? Kila swali lilimkuta akipekua bahasha kama mtu anayetafuta funguo kwenye suruali ya mwenzake. Binti alimwonea huruma. Akasogea mbele na kujibu moja baada ya jingine, kwa sauti ya wazi, mpaka tarehe za sindano alizitaja. Mhudumu akaandika, bila kumtazama baba tena.

"Mama amenifundisha niyajue," mtoto alimnong'oneza walipotoka mezani kwa mhudumu. "Ili akiwa hayupo nisihangaike."

Alipimwa, akavalishwa kifaa kidogo cha usikivu, rangi ya ngozi, nyuma ya sikio. Mtaalamu alisema hakitarudisha yote, ila kitamsaidia kujua sauti inatoka upande gani. Barabarani binti alisimama mara mbili kusikiliza: kwanza honi, kisha mwanamke aliyekuwa anafagia mbele ya duka. Mnara alisimama naye. Alitaka kuuliza inasikikaje, akaogopa kumkatiza.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, mtoto ndiye aliyeanza mazungumzo. Alimuuliza wale madereva ni akina nani, na kwa nini lazima aongee nao kila saa. Mnara akakaa sawa. Akaanza kumsimulia habari za mmoja wanayemwita Babu Gia, aliyewahi kurudi nyuma kilomita sitini kwa sababu alisahau kofia yake hotelini, na alivyomdanganya yeye Mnara kwamba barabara imefungwa. Mtoto alitabasamu. Mnara alikuwa bado hajafika kwenye utamu wa hadithi pale mkewe alipoita kutoka jikoni, na binti akageuka papo hapo, akainuka, akaenda. Hakusema atarudi.

Mnara alikaa na nusu ya hadithi mdomoni. Aliwasikia wakicheka kule. Alingoja, akahesabu maua ya pazia, kisha akanyanyuka na kwenda kusimama mlangoni pa jikoni. Wakanyamaza.

"Unatafuta kitu?" mkewe aliuliza.

"Hapana. Nimekuja tu."

Walitazamana, mama na mtoto. Mkewe akavuta kigoda kilichokuwa chini ya meza, akakisukuma kwa mguu kuelekea kwake, akaendelea kumenya viazi. Mnara akaketi. Baada ya muda mazungumzo yao yakarudi mahali yalipokatika, taratibu, yakawahusu watu ambao yeye hakumjua hata mmoja: mwanafunzi fulani aliyehama, mteja fulani aliyekataa kola, mtu waliyemwita Kidevu. Hakuuliza Kidevu ni nani. Aliweka mikono juu ya magoti, akasikiliza.