Sabuni ya Waridi

Nélida aliamka kabla jua halijachomoza, akavaa viatu vyake vya mpira na kwenda bandani bila hata kunawa uso. Agosti, mwezi wa mwisho wa kipupwe kule kusini mwa dunia, ilikuwa ukingoni, lakini baridi haikuwa na habari hiyo. Sakitu ilikuwa imetanda juu ya majani yote ya shamba la Los Talas, na maji ya farasi yalikuwa yameganda hodhini. Hakuwa amelala vizuri tangu Jumatatu. Jumatatu ndipo farasi jike bora wa shamba alipofia mikononi mwake akizaa, akaacha mtoto dume wa rangi ya kahawia aliyekataa chupa katakata. Siku hiyohiyo Calandria, jike mwingine, alizaa mtoto mfu. Nélida akafanya wanavyofanya wafugaji wa pande zile: alimchuna yule mfu, akamvisha yatima ngozi yake na kuifunga kwa kamba. Calandria alinusa mgongo, akanusa chini ya mkia, akaona ni wake, akamnyonyesha.

Hila hiyo ina sharti moja tu. Ngozi haivuliwi kwa mkupuo. Hukatwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kuanzia shingoni, na kipande cha mkiani hubaki hadi mwisho, maana hapo ndipo mama humnusa mtoto anaponyonya. Ukiharakisha, mama hugundua kuwa amelaghaiwa, na farasi jike aliyelaghaiwa ana kwato nne.

Leo ilikuwa siku ya tatu. Bandani alimkuta mumewe, Rufino, ameketi juu ya ndoo, akinyonya kwa mrija chai chungu ya yerba kwenye kibuyu, uso umemjaa fahari. Mtoto wa farasi alikuwa kando yake, amefunikwa poncho lake la sufu. Ngozi haikuwepo.

"Iko wapi?" Nélida aliuliza.

"Nini?"

"Rufino, usinichezee. Ngozi."

"Aa, ile? Nimeichoma. Ilikuwa imemgandia mgongoni kama ubao, mtoto wa watu anatetemeka. Tena ilinuka, mke wangu, hata mbwa walikuwa wanapita mbali. Nimemwogesha maji ya moto. Hebu mnuse."

Nélida aliinama akanusa.

"Umemwogesha na sabuni yangu."

"Ile ya waridi. Si yupo safi?"

"Safi kama maiti. Wewe kazi yako si kufunza farasi wakubwa? Nani alikutuma kwa wadogo?"

Rufino aliweka kibuyu chini. Ukweli ni kwamba alimhurumia yule mtoto, na huruma ya Rufino ilikuwa na tabia ya kutangulia akili.

Walikuwa bado wakiwatenga kwa ubao mmoja, wakimwingiza mtoto kwa mama kila saa ya kunyonya. Nélida alimkamua Calandria kidogo, akampaka mtoto yale maziwa mgongoni na mkiani, akamwongoza ndani huku Rufino ameshika hatamu. Calandria alinyoosha shingo, akanusa. Masikio yakalala nyuma. Teke lilipiga ubao inchi chache kutoka kichwa cha mtoto, na Nélida akamvuta nje kwa mkia.

Walijaribu tena baada ya saa moja. Safari hii Calandria alimng'ata shingoni.

"Basi tumkamue, mtoto anyweshwe kwa chupa," Rufino alisema.

"Chupa haitaki."

"Akibanwa na njaa ataitaka."

"Na huyu mama tukimkamua atapata nafuu. Akipata nafuu, atamtaka wa nini? Hakamuliwi mtu hapa. Tunasubiri kiwele kimuume."

"Mtoto akifa je?"

"Akifa nimemuua mimi. Kama mama yake."

"Nani kasema ulimuua mama yake?"

"Hakuna aliyesema. Wote mnanyamaza, mnanipisha mlangoni kama mfiwa."

Rufino alichukua ndoo. Alikwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Nélida aliketi kwenye majani makavu, mgongo ukutani, akaogopa. Hakuwa na neno jingine la kuipamba hali hiyo. Mtoto alizunguka, akanyonya ubao, akanyonya kona ya poncho, akalia. Kila kilio kilikuwa kifupi kuliko kilichotangulia. Kufikia saa nne alikuwa amelala. Mara mbili Nélida alinyanyuka na ndoo ya kukamulia, mara mbili akairudisha.

Karibu na adhuhuri Calandria alianza kupiga mguu chini. Kiwele kilikuwa kimevimba kinang'aa, na maziwa yalidondoka yenyewe. Nélida alimwinua mtoto, akamsimamisha kwa miguu yake inayopinda, akaondoa ubao.

Mtoto hakungoja kuongozwa. Alikwenda moja kwa moja. Calandria aliinua mguu wa nyuma, akaushikilia hewani. Mguu ukashuka taratibu, ukasogea kando. Mtoto akanyonya.

"Amemkubali," Rufino alinong'ona.

"Kiwele kinamuuma, basi. Hata hajamgeukia."

Ni kweli, Calandria alikuwa akitazama ukuta. Alitoa maziwa kama anayetoa kitu mlangoni bila kumkaribisha mgeni. Nélida alifikiria jioni, alifikiria kesho, na mguu ule ambao usingeshuka hivyo kila mara.

Mtoto alishiba, povu mdomoni. Akageuka, akamwendea Nélida pale mlangoni, kwa sababu mikono yake ndiyo aliyoijua kwanza duniani, akamchomekea pua kwenye koti. Nélida alimkumbatia shingo. Aliwaza kwamba pengine atalala naye hapa mpaka baridi iishe.

Ndipo nyuma yao ikatoka ile sauti ya chini, ya kooni, ambayo farasi jike hamtolei mtu wala farasi mwenzake, ila mwanawe tu. Mtoto alisimamisha masikio. Calandria alikuwa amegeuza kichwa. Aliita tena.

Mtoto akajinasua mikononi mwa Nélida na kwenda. Nélida akakaa palepale chini, akalia kwa sauti, na Rufino, kwa mara ya kwanza siku ile, hakufanya lolote.