Kompyuta Ishirini na Tano za Mtaa wa Narung'ombe

Saa mbili na robo asubuhi, kwenye chuo cha kompyuta, ghorofa ya tatu juu ya duka la vitenge, Waridi alikuwa akiingiza anwani za kompyuta kwenye seva, mashine kuu inayoziendesha nyingine. Kompyuta za chuo kile hazikuwa na diski. Zilingoja aandike amri moja, zipelekewe mfumo kupitia waya, ndipo ziwake. Ilikuwa wiki yake ya pili kazini tangu ahitimu, na bado aliamini karatasi. Alinakili anwani zote arobaini kutoka kwenye hati ya kupokelea kompyuta, iliyosainiwa na mkuu wa chuo, Bwana Abdulatif.

Alipoinua macho, aliona kompyuta kumi na tano. Meza nyingine ishirini na tano zilikuwa tupu.

Watahiniwa arobaini walishapanga foleni hadi kwenye ngazi. Mbele yao alisimama Bi Shamsa, muuza mitumba wa Mchikichini, aliyekosa mtihani mara mbili kwa kukosa mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo sirudi nyumbani kuchekwa na wajukuu. Nipe hata kipande cha mashine."

Kufuta anwani ishirini na tano kungekuwa kuwafukuza watu ishirini na tano. Waridi hakufuta hata moja. Akaandika amri, akabonyeza. Majibu yakashuka kwenye kioo: ipo, ipo, ipo. Zilijibu zote arobaini.

Meza tupu zikaanza kuvuma. Mbao zikapata joto. Herufi nyeupe zikajipanga hewani, kimo cha uso wa mtu aliyeketi, zikiuliza jina. Bi Shamsa akapangusa vumbi kwa ncha ya mtandio, akakaa, akachapa kwenye ubao mtupu.

"Bi Shamsa umeotea, yangu inagandaganda," alinung'unika kijana mwenye kompyuta ya kawaida.

"Ungewahi foleni, baba."

Msimamizi wa mtihani akahesabu mashine arobaini, akasaini. Bwana Abdulatif akachungulia mlangoni, akarekebisha miwani.

"Si nilisema zipo?"

Wote arobaini walifaulu. Bi Shamsa alishuka ghorofa zote tatu akipiga vigelegele, hadi barabarani, na wapagazi wakampisha na mikokoteni yao.

Jumatatu Bwana Abdulatif alisaini kupokea kompyuta nyingine ishirini. Hakuna gari lililokuja. Waridi akaisoma hati mstari kwa mstari, akashuka mtaani, akabandika tangazo: nafasi ishirini mpya za wanafunzi.