Bata wa Rangi wa Mama Anord

Bata wa mapambo hawaliwi. Hilo nilimweleza mume wangu Yohane mpaka mdomo ukanikauka, lakini kila akiwatazama alimeza mate. Bi Hidaya, mwenye nyumba ya wageni Lushoto mjini, alinipa jozi moja nimzalishie. Dume ana rangi kama kitenge kipya. Jike ni wa kijivu, hana makuu.

"Mvua zikiisha bila vifaranga, nawachukua," alisema. Nami nilishawapenda, nisiseme uongo.

Niliwazungushia wavu juu mpaka chini, mti mmoja wa mpeasi ukabaki ndani. Chini nikamtandikia jike nyasi, kama tunavyowafanyia bata wetu hapa Magamba. Hata kuzitazama hakutaka. Kisha akatoweka.

"Baba Anord, umemla!"

"Mimi? Ningemla ningekunyima supu?"

Nilinusa masufuria yote. Siku ile sikumsemesha tena.

Kwenye mpeasi ule Yohane alikuwa ametundika mzinga wa gogo. Sikuugusa, maana kwetu mzinga hauguswi ila na mwenyewe. Nyuki hawakuwahi kuingia, na kifuniko cha nyuma kilidondoka, mvivu yule asikirudishe. Kesho yake akasikia kitu kinachakura ndani. Asali imefika! Akapanda na moshi wa matambara, akaingiza mkono.

"Sss!"

"Nyoka!" Akashuka pamoja na matawi. "Lete panga!"

Panga nililificha. Nikapanda mwenyewe, mwiko au si mwiko. Jike alikuwa ameatamia mayai, amenivimbia kwa hasira. Kumbe wenzetu hawa hutagia kwenye tundu la mti! Nililia kwa furaha huko huko juu.

"Mzinga wangu, mayai yangu," alisema Yohane. Tangu hapo hata jogoo akiwika alikaripiwa.

Jumapili moja vifaranga wakachungulia mzingani, mama yao yuko chini anawaita.

"Watavunjika!" Yohane alikuwa tayari kwa ibada. Akavua koti lake la harusi, akalitandaza juu ya matope. Wakaruka mmoja mmoja, naye akipiga magoti na kuwapokea kama mkunga.

Nikampigia simu Bi Hidaya. "Basi wabaki kwako," alisema.

Kanisani Yohane aliingia na shati tupu, magoti yamejaa tope. Mzee wa kanisa akamwuliza kulikoni.

"Tumejifungua salama," akasema.