Waliouawa Mlangoni

Gemu la Amoni lilikuwa linakufa, naye mwenyewe aliamini dawa yake ni bunduki.

Tuseme ukweli, alikuwa na haki ya kulipenda. Mchana alikuwa karani wa wakala wa forodha pale Tunduma, mtu wa kukimbizana na makaratasi na kutukanwa na madereva wasiojua hata jina lake. Saa za mapumziko, miaka miwili mizima, alikaa akilitengeneza: gemu la kupigana risasi mtandaoni, watano kwa watano, wanawindana katikati ya malori yaliyosimama kuelekea Nakonde, upande wa Zambia. Akaliita Foleni. Julai lilipotoka, jamani! Vwawa walicheza, Mbeya walicheza, Wazambia ng'ambo walicheza. Wiki ya kwanza waliingia zaidi ya watu elfu tatu. Oktoba ilipofika walikuwa wamebaki wanane.

Na wanane hawafungui mechi. Lazima watimie kumi. Basi wanane wanangoja, dakika tano, dakika kumi. Mmoja anachoka anatoka, mwingine anaona wamepungua, naye anatoka. Irene, rafiki yake aliyelihifadhi gemu kwenye seva ya ofisini kwake, akachoka pia.

"Kaka Amoni, nimevumilia," alimwambia. "Jumapili saa kumi jioni nikikuta hakuna mechi, nazima. Mtambo unahitajika kwa kazi nyingine."

 Amoni akafanya alichokuwa akifanya kila wiki: akaongeza bunduki. Moja ya dhahabu, moja inayotoa moshi. Walioondoka hawakurudi hata kuziona.

Jumamosi alikuwa na mgeni. Mama yake, Ferista, alikuwa ameshuka kutoka Mbebe na kiroba cha viazi, akamkuta mwanawe amekondeana.

"Hebu nipe na mimi hicho kinachokumaliza," alisema, akanyoosha mkono kuchukua simu ya zamani.

Amoni alimfundisha kutembea na kufyatua, kisha akahamia chumba cha pili. Akaangalia: waliokuwa ndani walikuwa wanane, na mama wa tisa. Akatoa simu yake nyingine, akaingia kwa jina la Kiboko ili watimie kumi.

Kiboko huyu alikuwa siri yake. Alianza kuingia Agosti, kuziba pengo tu. Lakini loo, raha aliyoikuta humo! Kila kona ya foleni ile aliichora yeye. Alijua lori gani lina upenyo chini, alijua mgeni atatokea mlango gani na atageuka wapi. Watu waliandika, "Kiboko kaja, tumekwisha," na moyo wake ukajaa, maana ofisini hakuna aliyewahi kumwogopa. Kutoka mwezi huo hakupitisha siku bila kuingia.

Mechi ikafunguka. Akajibanza pale mlangoni, kama kawaida yake, akamwona mtu anayumbayumba. Gemu huwaonyesha wanaoanza kwa jina moja tu, Mgeni, na namba, naye hakujali namba. Akafyatua.

"Aka!" mama akalalamika upande wa pili wa ukuta.

Mgeni akatokea tena. Akafyatua.

"Mbona hata sijapiga hatua!"

Akafyatua mara ya tatu, na sauti ya mama ikaja papo hapo na risasi.  Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo Amoni aliliona.

Alimkuta mama ameiweka simu kwenye kiti, amevaa kandambili.

"Naenda kumenya viazi," alisema. "Huyo Kiboko wenu ana roho mbaya. Kwetu siku ya kulimiana, anayeanza jembe tunamweka katikati. Wa kulia anamkatia ngwe yake kidogo, wa kushoto anamkatia kidogo, mpaka mkono uzoee. Ukimwacha nyuma siku ya kwanza, ya pili humwoni. Halafu shamba utalima na nani?"

"Kiboko ni mimi, mama."

Ferista aligeuka mlangoni. "Wewe? Mgeni wako mwenyewe unampigia mlangoni?" Akatoka bila kucheka, na hilo lilimuumiza Amoni kuliko matusi yote ya madereva.

Gemu lilitunza orodha ya kila aliyeondoka na aliyemuua mwisho. Hakuwahi kuifungua. Alipoifungua, Julai waliondoka wachache, wameuawa na huyu na yule. Kuanzia Agosti ilikuwa Kiboko, Kiboko, Kiboko, ukurasa hadi ukurasa. Mmoja, Nesta wa Msangano, aliuawa mara kumi na moja siku yake ya kwanza, mwezi huo wa Agosti, zote mlangoni. Amoni aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Akabadilisha gemu: anayeanza atawekwa kati ya wazoefu wawili. Kisha akawaandikia wote walioondoka: "Mimi Amoni mwenye gemu ndiye Kiboko. Niliwafukuza mwenyewe. Nisameheni. Kesho saa tisa na nusu nitakuwepo, kwa jina langu."

Jumapili akaingia. Watu saba, wanane, naye wa tisa. Mama alikuwa mmoja wao, ingawa alikuwa bado hamsemeshi. Mmoja wa Nakonde akawasalimu wote kwa Kibemba, "Mulishani bonse," kisha akaandika, "Na huyu Amoni ndiye yule?"

"Ndiye," Amoni akajibu.

 Wakabaki tisa, na saa kumi kasoro dakika mbili akaingia Nesta.

Mechi ikafunguka. Nesta alimuua Amoni mara moja, mara mbili. Ujumbe wa Irene ukapita juu ya kioo: "Naona mmejaa. Sizimi." Halafu Nesta akaandika: "Ile njia ya chini ya malori iko wapi?"

Amoni akaishusha bunduki, akamwongoza taratibu, lori kwa lori, mpaka upande wa pili. Alipogeuka kumwonyesha mahali pa kutokea, Nesta akampiga risasi ya kichwa.

"Hiyo ni ya Agosti," akaandika. "Haya, tuendelee."