Kwotesheni ya Wepukhulu

Mwanangu Khisa ni mwalimu, na walimu wana ugonjwa mmoja: karatasi ikishapigwa taipu na kugongwa muhuri, wao huiamini kama Zaburi. Ndiyo maana Jumanne moja ya Januari 2006 alirudi nyumbani Ndalu kwa miguu kutoka stendi, mkononi karatasi badala ya gari.

Gari lenyewe ni pikapu nyeupe aliyoniachia marehemu mume wangu. Ilinunuliwa mwaka wa 1984, na mlango wa kushoto hufunguka kwa kamba. Msimu wa mavuno inabeba mahindi yetu na ya majirani hadi Kitale, na ndiyo inayotulisha. Tangu Krismasi ilikuwa ikichemka. Unapanda kilima kidogo na gunia sita, mshale wa joto unafika juu kabisa, mvuke unatoka kama chungu cha githeri. Khisa akaipeleka Kitale kwa fundi Wepukhulu, akaiacha huko siku mbili peke yake. Aliiacha! Hata kuku wa kuchinja huwezi kuachia mtu jikoni ukategemea kupata firigisi.

"Mama, soma," akasema Khisa.

Nikavaa miwani. Ilikuwa kwotesheni, orodha ya bei za Wepukhulu. Rejeta mpya, elfu kumi na nne. Gasketi ya hedi na kusawazisha hedi, elfu tisa mia tano. Pampu ya maji, elfu nne mia nane. Breki za nyuma, elfu tatu mia mbili. Mengineyo, elfu sita. Jumla elfu thelathini na saba na mia tano.

"Na mengineyo ni nini?"

"Ni vitu vidogo vidogo, Mama."

"Vitu vidogo vya elfu sita. Na wewe ukasema ndiyo?"

Akatazama viatu vyake. Kumbe alikuwa amesema zaidi ya ndiyo. Alikuwa amemwambia Kimeli, mfanyabiashara wa ng'ombe, aje Ijumaa na kamba amchukue Sundei, ng'ombe wangu wa lita kumi na mbili, yule anayewasomesha watoto wake Khisa mwenyewe. Sikupiga kelele. Nilimaliza kuchambua maharagwe, nikafunga kitambaa kichwani, na asubuhi tukaenda Kitale.

Wepukhulu alikuwa amevaa ovaroli nyeupe. Nimezaa saba, nimeona mafundi wengi, sijaona fundi mwenye ovaroli nyeupe saa nne asubuhi. Hata kucha zilikuwa safi kuliko za kasisi. Ukutani cheti chenye fremu, mezani kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa.

"Kukhu, mulembe! Karibu," akasema. Kuniita nyanya kwa lugha ya nyumbani, ndiyo mafuta yake ya kulainishia watu.

"Mulembe. Hii gasketi imeungua?"

"Imeungua kabisa, Kukhu."

"Umeifungua ukaiona?"

"Aa, si lazima kufungua. Sisi tunajua kwa sauti."

"Ninyi wangapi?"

Akacheka. "Kukhu, hii gari ni mzee. Mzee akiugua unampima kila kitu."

"Na akipona anakulipa mengineyo. Lete ufunguo."

"Mama, jamani," Khisa akaninong'oneza, "usimwaibishe fundi."

Ndiyo hivyo. Mtu anataka kuuza maziwa ya watoto wake, na bado anaona haya kwa ajili ya ovaroli.

Tukaondoka na pikapu bila mzigo, polepole, tukisimama Kiminini na tena Webuye kuongeza maji, mpaka Bungoma. Huko, nyuma ya msikiti, kuna Mzee Hamid, aliyekuwa akitengeneza hilo gari mume wangu akiwa hai. Hana ofisi. Ana kipande cha mabati, debe la kukalia, na mikono ambayo hata Idi haitakati.

Nilimpa karatasi. Akaisoma akiiweka mbali na macho, akanirudishia.

"Mama Khisa, mimi sipimi ugonjwa kwenye karatasi. Fungua boneti."

Akaanza na gasketi. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakitoa tena, akanionyesha. "Gasketi ikiungua, maji huingia kwenye oili, inakuwa kama chai ya maziwa. Unaona maziwa?" Sikuona maziwa. Oili ilikuwa nyeusi, basi. Akasubiri injini ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta, akawasha, akaangalia maji. Hakuna mapovu. Akazima, akashika panka iliyofungwa kwenye pampu ya maji, akaitikisa mbele na nyuma. Pampu ilikuwa imekaza, haidondoshi tone.

"Sasa rejeta," akasema. Akawasha tochi akaiingiza nyuma ya rejeta, mimi nikainama mbele kutazama. Rejeta ni kama chekecheke. Mwanga ulipaswa kupenya. Nikaona giza tupu.

Hamid akachokora kwa kijiti cha fagio. Likatoka pumba, tena pumba, limegandana na vumbi na oili. Makapi ya mahindi!

"Gari hili mnaliegesha wapi wakati wa kupukuchua?"

Khisa alikohoa. Mimi nilijua, maana nilikuwepo. Mashine ya kupukuchua ikija Ndalu, Khisa hugeuza pikapu pua iangalie mashine, ati apakie kwa urahisi. Siku tatu mashine inatema makapi usoni mwa gari, na gari linavuta pumzi.

Hamid akachukua mpira wa maji, akapiga kutoka upande wa injini kwenda nje. Kuku wa jirani wakaja mbio. Kwa makapi yaliyotoka ungejaza karai.

"Kwa hiyo karatasi yote ni uongo," nikasema. Nilishaanza kuikunja.

"Ngoja breki."

"Breki nazo kaziandika yeye, ni uongo pia."

"Mama Khisa, mdharau utakavyo, lakini mteremko wa Webuye hauulizi nani amekuudhi."

Akavua gurudumu la nyuma. Kiatu cha breki kilikuwa kimeisha, chuma kinakula chuma. Nilitazama muda mrefu nikitafuta kosa, sikulipata. Hapo Wepukhulu alisema kweli, na hata bei yake ilikuwa ya haki: Hamid alinitoza elfu mbili mia nane, na mia mbili ya kuosha. Nilimeza hilo kama kwinini.

Alhamisi tulipakia gunia kumi, tukapanda nazo hadi Kitale. Khisa hakuangalia barabara sana, aliangalia mshale. Ulifika katikati ukakaa hapo.

Ijumaa saa mbili Kimeli akaja na kamba begani.

"Mama, mwambie wewe," Khisa akasema.

"Mimi sikumwita."

Basi mwalimu akasimama mbele ya zizi, mikono nyuma, kama mtoto aliyechelewa paredi. "Kimeli, samahani. Ng'ombe hatuuzi tena. Gari halikuwa na shida kubwa. Ilikuwa... ilikuwa makapi kwenye rejeta."

Kimeli alicheka mpaka akaegemea kikingi cha zizi. "Makapi! Si ungeniuliza, mwalimu? Lori langu lilichemka hivyo mwaka juzi. Niliosha na mpira, basi."

Nikauliza, maana napenda kujua mambo yakiwa kamili, "Uliosha kutoka mbele au nyuma?"

"Nyuma, mama. Ukipiga mbele si unashindilia ndani?"

"Umesikia?" nikamwambia Khisa. "Na huyu aliachia darasa la nne."

Nikachukua ndoo nikaingia kukamua. Nyuma yangu nilisikia Khisa akimuuliza Kimeli, kwa sauti ya chini sana, mpira wenyewe unauzwa duka gani.