Mkono wa Baba Mkwe

Mzee Mwaisumo alijikata kiganja kwa panga akifyeka magugu, na katika zahanati ya jirani, pale Uyole, muuguzi wa zamu alikuwa mmoja tu: Tumpe, mke wa mwanawe. Kwa Wanyakyusa wa umri wake, mke wa mwana hamgusi baba mkwe wala hamtazami usoni. Mzee akageukia ukutani, damu ikilowanisha khanga aliyofungwa na mkewe.

"Twende mjini," akasema.

"Ufike umekauka damu?" mkewe akafoka. "Au huo ukuta ndio utakushona?"

Tumpe alinawa mikono, akavaa aproni, barakoa, miwani ya kinga na glavu, kama anavyofanya kwa kila mgonjwa anayetoka damu, awe nani.

"Mama, mwambie baba kwamba ngozi yangu haitagusa yake. Ndivyo tunavyowahudumia wote."

Mzee akachungulia. Uso wa mkwewe haukuonekana. Akanyoosha mkono polepole, macho akiyarudisha ukutani.

Tumpe alimchoma ganzi, akamshona taratibu na kumfunga bandeji. Sindano akazitupa kwenye kisanduku chake, akavua glavu, akanawa tena. Tangu aolewe hakuwahi kuwa karibu na mzee kiasi hicho.

"Mama Ambokile," mzee akamwambia mkewe, "muulize muuguzi, kidonda kitasafishwa lini?"

"Keshokutwa, mama," Tumpe akajibu.

"Mwambie nitakuja. Lakini kwanza aseme kama keshokutwa ni zamu yake; kama sivyo, nitaingoja."